Imeandikwa Rigby kwenye mtutu: je, ni Rigby kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaongoza wawindaji hapa Arusha na kibali ninacho. Nimepata bunduki inayouzwa kama Rigby ya London, kwenye mtutu imeandikwa ".416 Rigby". Mwenzangu anasema kampuni iliuzwa kwa Wamarekani, kwa hiyo ni feki. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amekosea. John Rigby alianza Dublin mwaka 1775, na London ikaja karne iliyofuata. Mwaka 1997 kampuni iliuzwa kwa Wamarekani, kazi ikahamia Paso Robles, California. Baadaye ilirudi London, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kundi la L&O, wenye kiwanda cha bunduki cha Mauser cha Ujerumani. Bunduki ya California ilitengenezwa na mwenye haki ya jina. Si feki, ila isiuzwe kwa bei ya London.

Lakini maandishi hayo uliyosoma ndiyo yanayonichosha kila mwezi. ".416 Rigby" ni jina la risasi! Rigby waliitoa mwaka 1911, na tangu hapo viwanda vingine vimetengeneza bunduki za risasi hiyo, CZ na Ruger wakiwemo. Maneno hayo yanakuambia uweke risasi gani, hayakuambii nani alitengeneza. Watu wamelipa mamilioni kwa kosa hilo, na wauzaji wanajua.

Tazama chini ya mtutu. Sheria ya Uingereza ya 1868 inataka mtutu ujaribiwe kwa risasi kali kuliko ya kawaida, kisha ugongwe mihuri, kabla haujauzwa. Bunduki ya London isiyo na mihuri hiyo ina maswali. Namba yake waandikie Rigby wenyewe London, maana madaftari ya zamani wanayo. Cheti alichochapa muuzaji hakina thamani.

Feki ninazoziogopa zinatoka kwa mafundi wa njia ya mkato. Wanachukua Mauser ya kawaida, wanafunga mtutu mpya, wanachora jina. Risasi ya .416 ni kubwa, haienei humo, basi wanakwangua chuma kilekile kinachoizuia bolti, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, isirudi nyuma. Bolti hiyo iko sentimita chache kutoka jichoni pako, na wewe umesimama mbele ya nyati. Kila mtutu uliobadilishwa unahitaji kujaribiwa upya, awe aliyeufunga ni nani.

Ukiambiwa mihuri ilifutika wakati wa kung'arisha, mrudishie bunduki yake.