Kumshonea mtoto mchanga: ninayomwambia kila anayeanza

Mwanasesere wa kwanza niliyemshona kwa ajili ya mtoto alikuwa na macho ya vifungo vyeusi, na nilimwonea fahari sana. Baada ya wiki chache mama wa mtoto alinirudishia mwanasesere huyo akiwa na jicho moja likining'inia kwa uzi mmoja, limelowa mate. Tangu siku hiyo siweki kifungo wala shanga katika kichezeo cha mtoto aliye chini ya miaka 3. Macho, pua na mdomo navidarizi kwa uzi. Kipimo kinachotumika kukagua vichezeo vya umri huo ni silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu chochote kinachozama chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto, na karibu vifungo vyote vya nguo huzama humo.

Anayeanza hutamani gauni lenye marinda, lakini mimi humshauri aanze na bibu, yaani kitambaa cha kumfunga mtoto kifuani asichafue nguo, kwa kuwa kazi hiyo ndogo humfundisha kukata mviringo, kugeuza na kufunga. Kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba, na hasa flaneli, hurudi, yaani hupungua ukubwa, inapofuliwa mara ya kwanza. Ukishaunganisha vipande viwili, kata mikato midogo kuzunguka shingo, ukiishia milimita 2 kabla ya mshono, ndipo ugeuze. Usipofanya hivyo mviringo utavutana na kujikunja hata upige pasi namna gani. Usifunge bibu kwa kamba ndefu za shingoni, kwani zinaweza kumnyonga mtoto. Tumia kishikizo cha kubana au velkro, ambayo huachia yenyewe inapovutwa kwa nguvu, na upande wake wenye vikulabu uuelekeze nje ili usimkwaruze mtoto shingoni. Kwa hofu hiyo hiyo ya kunyongwa, kofia ya koti la mtoto isiwe na kamba ya kukaza.

Fulana zina ugumu wake, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni kina mzunguko wa takriban sentimita 35, nacho kwa kawaida ni kikubwa kuliko kifua chake, kwa hiyo shingo ya fulana ni lazima ivutike hadi kupitisha kichwa au ifunguke begani kwa vishikizo. Mshono ulionyooka hauvutiki pamoja na kitambaa cha fulana. Uzi hukatika siku ya kwanza ya kumvisha. Tumia zigizaga nyembamba na sindano yenye ncha ya mviringo, namba 70 au 80, kwani sindano kali hukata nyuzi za kitambaa na kuacha vitundu vinavyopanuka kila kinapofuliwa.

Mto, blanketi lililojazwa pamba, na mito ya kuzungushia kitanda hupendeza machoni, nami naelewa hamu ya kuvishona, lakini madaktari wa watoto hushauri kitanda cha mtoto kisiwe na vitu laini vya aina hiyo katika miezi 12 ya kwanza, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2022 ilipiga marufuku kuuza mito hiyo ya kuzungushia kitanda. Ukipenda kushona vipande vya rangi mbalimbali, tengeneza mkeka mzito wa kuchezea sakafuni, ambako mtoto atalazwa akiwa macho na kuangaliwa.

Pini zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake. Nikichomeka 20, sikabidhi nguo kabla sijazirudisha zote 20 kwenye kopo, na sindano ikivunjika natafuta kila kipande chake. Mahali panaporuhusu, napiga bandi, yaani nashikiza kwa mishono mirefu ya muda, badala ya pini, ingawa huchukua muda zaidi.

Kisha geuza nguo ndani nje. Mafundo ya udarizi, ncha za uzi wa nailoni na kona za lebo ndivyo vinavyomfanya mtoto alie bila mtu kujua chanzo. Pitisha midomo yako polepole juu ya kila mshono, kwani midomo huhisi kile ambacho vidole vya fundi vilivyokomaa havikihisi tena, na popote utakapohisi kitu kinachochoma, fumua na ushone upya.