Marc Ferro na filamu za habari za vita

Umeuliza kama kuna mwanahistoria msomi hasa aliyefanya kazi kubwa kwenye televisheni, si mtangazaji tu. Yupo: Marc Ferro wa Ufaransa, aliyezaliwa 1924 na kufariki 2021. Mapema tu, 1964, alishiriki kutengeneza filamu ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, na tangu hapo akashikilia kwamba filamu ni ushahidi kama ilivyo nyaraka.

Lakini kilichompa jina ni kipindi chake cha "Histoire parallèle", 1989 hadi 2001, kwenye vituo vya televisheni La Sept kisha Arte. Kila wiki aliketi na mgeni, wakaangalia filamu za habari zilizoonyeshwa sinemani wiki kama hiyo miaka 50 nyuma, kuanzia enzi za Vita Kuu ya Pili. Za Wajerumani, halafu za maadui wao. Wiki ileile, vita vilevile, ila huku askari wanashangilia ushindi na kule hayo mapigano hayatajwi kabisa! Ndipo anaanza kuuliza: nani alishika kamera, na nini kimefichwa? Vipindi vilipita 600. Kwa kweli sijaona namna bora ya kumfundisha mtu propaganda. Ukitaka maandishi yake, anza na kitabu chake "Cinéma et histoire" (Sinema na historia) cha 1977.