Umri wa miaka 13 mitandaoni hautoshi, lakini mzigo wa kuusimamia wapewe wenye mitandao

Swali lililoulizwa ni kama Tanzania nayo itunge sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao ya kijamii, kama ilivyofanya Australia. Ninauza na kutengeneza simu karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, na kila Januari, matokeo ya kidato cha pili na cha nne yanapotoka, wazazi wengi hupita kwangu kuwanunulia watoto wao simu janja ya kwanza. Kwa niliyoyaona, jibu langu ni ndiyo, umri upandishwe kutoka miaka 13 ambayo mitandao mingi huidai sasa, ila kwa sharti moja nitakalolieleza.

Mzazi akishalipa, mimi huweka protekta na kava, na mtoto huwa ameshapakua mtandao anaoutaka kabla sijamaliza kuandika risiti. Ukurasa wa kwanza humuuliza tarehe ya kuzaliwa. Binti mmoja wa kidato cha pili, aliyekuja na mama yake kutoka Pasua, aliusukuma mwaka kwa kidole gumba ukateremka hadi 1999, akabonyeza kuendelea, na mtandao ukamkaribisha bila kumuuliza neno jingine, huku mama yake akihesabu chenji. Kuanzia hapo, katika vitabu vya kampuni ile, yule alikuwa mtu mzima: kinga wanazowekewa watoto hazikumhusu tena, mtu yeyote aliweza kumwandikia, na matangazo ya kubashiri na ya mikopo ya simu yangeweza kumfikia.

Mama huyo alirudi baadaye, akiwa peke yake na simu ile mkononi. Kwenye maombi ya ujumbe kulikuwa na wanaume ambao familia nzima haikuwafahamu, mmoja wao akidai picha na kuahidi kumrushia bando kila wiki. Mama alitaka nifute kila kitu papo hapo. Nilimwomba asubiri, tukapiga kwanza picha za mazungumzo yale ili yawe ushahidi, kisha nikamwelekeza Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu binti yule kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Tangu hapo nawasihi wazazi waijaze wao wenyewe tarehe ya kweli, na mtandao ukikataa, wakubali kwamba umekataa.

Watu wengi hudhani miaka 13 iliwekwa na wataalamu wa malezi. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo bila ridhaa ya mzazi. Ilitungwa kabla mitandao hii haijakuwepo, na haikupima kama mtoto wa miaka 13 anaweza kusimama mbele ya mtu mzima anayemrubuni, wala mbele ya video zinazofuatana bila kikomo usiku wa manane.

Sasa lile sharti. Wapo wanaopendekeza kwamba umri uthibitishwe kwa laini au kwa namba ya NIDA. Kwa mazingira yetu njia hiyo haifai, kwa sababu Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, na laini iliyo kwenye simu ya mtoto mara nyingi imesajiliwa kwa alama za vidole vya mama, shangazi au kaka. Ukiikagua laini, utamkuta mtu mzima. Zaidi ya hapo, sioni sababu ya kuzikabidhi kampuni za nje vitambulisho vya wananchi wote ili kuwachuja watoto.

Sheria ya Australia, iliyopitishwa Novemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, imeliona hilo. Haimwadhibu mtoto wala mzazi. Kampuni isiyochukua hatua za kuridhisha inaweza kutozwa faini ya hadi dola za Australia milioni 49.5, na hairuhusiwi kufanya kitambulisho cha serikali kuwa njia pekee ya kuthibitisha umri. Hapo ndipo ninapotaka tuige.

Hofu kwamba watoto watakosa masomo ninaielewa, maana wanafunzi wa kutwa hapa mjini hutumiana maswali ya hesabu kwenye makundi ya WhatsApp. Australia imeziacha nje programu za kutumiana ujumbe, na video za YouTube bado zinatazamika bila akaunti.

Wengine wanasema sheria ni kazi bure kwa kuwa watoto watadanganya. Baadhi watadanganya, bila shaka. Lakini kampuni inayoweza kutambua, kwa video anazozitazama mtu na marafiki alionao, kwamba anafaa kuonyeshwa tangazo la sare za shule, inaweza pia kutambua kwamba hakuzaliwa mwaka 1999. Haijajisumbua kwa sababu hakuna aliyeilazimisha, na kulazimisha huko hakuwezi kufanywa na mama wa Pasua wala na fundi simu. Ni kazi ya Bunge.