Maswali ya Wasomaji: Multimita na Vitufe Vyake

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu mita ya kidijitali ya mkononi. Maswali tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Fundi, nilitaka kupima volti za betri ya gari. Nilipogusisha tu, cheche zikaruka na ncha moja ikaungua. Mita bado inasoma volti, ila ampea haisomi tena. Ndiyo imekufa?

Haijafa, lakini hukuwa unapima volti. Waya wako mwekundu ulikuwa umebaki kwenye tundu la ampea. Kati ya tundu la V na COM (tundu la waya mweusi) mita ina ukinzani wa karibu omu milioni 10, kwa hiyo inapopima volti hainyonyi karibu chochote. Kati ya tundu la 10A na COM kuna kipande kinene cha chuma kiitwacho shunti, chenye ukinzani wa takriban omu 0.01. Ukikiweka kati ya chanya na hasi ya betri umepiga shoti. Kwenye mita nyingi shunti hiyo imeunganishwa moja kwa moja na tundu, haipiti kwenye swichi ya kuzungusha. Ndiyo maana hata ukielekeza swichi kwenye V, shoti iko palepale.

Bila shaka fyuzi ndiyo iliyokatika. Kwenye mita nyingi zenye matundu manne unaweza kuikagua bila kufungua kitu: weka swichi kwenye omu, waya mwekundu uwe tundu la V, kisha ncha yake uichomeke ndani ya tundu la 10A. Fyuzi nzima itasoma chini ya omu 1. Ikiandika OL (yaani namba imepita uwezo wa mita), imekatika. Fanya vivyo hivyo kwa tundu la mA (miliampea), ila hapo usishangae ukiona omu kadhaa, au hata elfu moja kwa baadhi ya mita. Hiyo ni shunti ya mkondo mdogo. Kama mita yako haikubali njia hii, au kama V na mA zinatumia tundu moja, fungua mfuniko (nyaya zikiwa zimetolewa kwanza), chomoa fyuzi uipime pembeni.

Unaponunua fyuzi nyingine, usiangalie ampea peke yake. Soma na volti zake, na uangalie kama ni ya kioo au ya kauri. Zile za kauri zina mchanga ndani unaozima cheche. Ukiweka ya kioo badala yake, siku ukipiga shoti kwenye umeme wa nyumba cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya kioo hadi kipasuke mkononi mwako. Waya wa shaba mahali pa fyuzi hatuujadili kabisa. Na kagua maandishi karibu na tundu la 10A: mita za bei ndogo mara nyingi huandikwa UNFUSED, yaani upande huo hauna fyuzi yoyote, na kitakachoyeyuka ni waya au shunti yenyewe.

Mazoea ya kujijengea ni haya: ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye V kabla hujaiweka mita chini.

Gari likilala siku mbili, betri haina nguvu ya kuwasha. Nitajuaje kama kuna kitu kinachonyonya umeme?

Anza na betri yenyewe. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikishapumzika saa kadhaa, husoma 12.6 hadi 12.7. Injini ikiwaka, namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.7. Isipopanda, acha kutafuta kinachonyonya, betri haichajiwi.

Kama kuchaji ni kuzuri, zima kila kitu na utoe ufunguo. Boneti ikiwa wazi, na mlango ukihitaji kuuacha wazi, sukuma komeo lake kwa bisibisi lifunge ili gari "lidhani" mlango umefungwa. Waya mwekundu wa mita uwe tundu la 10A, swichi kwenye A ya DC (umeme wa betri). Legeza kishikio cha waya wa hasi. Gusisha ncha nyekundu kwenye kishikio hicho na nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, halafu ndipo ukinyanyue kishikio huku ncha zikiwa bado zimegusa. Ukifanya hivyo umeme haukatiki hata kidogo, na kompyuta za gari haziamki upya.

Sasa subiri. Mwanzoni unaweza kuona ampea kadhaa; kompyuta huchukua dakika 20, wakati mwingine saa nzima, kulala. Wengi huisoma namba ya dakika ya kwanza wakaanza kubomoa gari bure. Ikishatulia, chini ya ampea 0.05 ni kawaida kwa magari mengi. Ukiona 0.5, piga hesabu: saa 48 mara 0.5 ni ampea-saa 24, asilimia 40 ya betri ya ampea-saa 60.

Mita ikiwa hapo usiwashe injini, maana stata (mota inayoamsha injini) huvuta zaidi ya ampea 100. Wala usihamie tundu la mA kwa sababu tu namba imeshuka: mlango ukifunguliwa kidogo, taa na kompyuta huamka na fyuzi ndogo inakatika.

Kutafuta mhusika, wengi huchomoa fyuzi za gari moja moja. Afadhali uziache mahali pake, urudishe kishikio cha hasi kabla ya kutoa ncha za mita, uhamishie waya mwekundu kwenye V, uweke mita kwenye milivolti, uguse vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi. Inayopitisha mkondo itaonyesha sehemu ya milivolti. Isiyopitisha itakuwa sifuri. Ukichomoa na kurudisha, unaweza kuwa umeiamsha kompyuta tena, na kusubiri kunaanza upya.

Nimepima waya kwa mlio, mita ikalia vizuri. Mbona taa inawaka hafifu?

Kwa sababu mlio hausemi kwamba waya ni mzima. Unasema tu kwamba ukinzani uko chini ya kiwango fulani, na kwenye mita nyingi kiwango hicho ni kati ya omu 30 na 50. Waya wenye nyuzi 19 uliobakiza uzi mmoja utalia sawasawa na waya mpya. Kiungo chenye kutu cha omu 2 nacho kitalia. Ila taa ya wati 60 ya volti 12 huvuta ampea 5, na ampea 5 kupitia omu 2 tu zingehitaji volti 10 nzima. Taa inabaki na makombo.

Unaweza kupima kwa omu, ukianza kwa kugusanisha ncha mbili na kubonyeza kitufe cha REL ili mita iondoe ukinzani wa nyaya zake zenyewe, ambao huwa omu 0.1 hadi 0.5. Lakini kipimo kinachotuaminisha zaidi hufanywa taa ikiwa inawaka. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya uleule. Waya na viungo vizuri havipotezi zaidi ya sehemu chache za volti. Ukisoma volti 3, umeshaupata ugonjwa. Sogeza ncha kiungo hadi kiungo mpaka uone namba inaporuka.

Nimezima breka ya umeme wa nyumba na waya haujaunganishwa na kitu, lakini mita inaonyesha volti 70 za AC (umeme wa aina ya nyumbani). Nitashtuka nikiugusa?

Usiuguse mpaka ujue. Mara nyingi hizo ni volti za uongo: waya mfu uliolala sambamba na waya ulio hai hufanya nao kapasita (umeme kidogo huvuka kati yao bila kugusana), na mita yenye omu milioni 10 hainyonyi vya kutosha kuzifuta. Kifaa halisi kikiunganishwa, zinayeyuka. Lakini volti 70 zinaweza pia kuwa za nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyokatika au kifaa kinachovuja, na hizo hazina mzaha.

Mita yenye alama ya LoZ hutenganisha mambo haya mawili kwa urahisi. Katika hali hiyo ukinzani wake hushuka hadi omu elfu chache, volti za uongo zinaanguka karibu na sifuri, za kweli zinabaki. LoZ ni ya kupimia kwa sekunde chache kwenye umeme wa nyumba, si kwenye saketi za elektroniki.

Kabla ya kuamini sifuri, fuata utaratibu wa hatua tatu: pima mahali unapojua pana umeme, pima waya wako, rudi upime tena pale penye umeme. Betri ya mita au waya wake mmoja ukiwa umekatika katikati ya kazi, hatua ya tatu itakufichulia. Kitufe cha NCV kinachohisi umeme bila kugusa hakitoshi kwa kazi hii. Hakihisi DC, hakihisi kupitia ganda la chuma, na hizo volti za uongo nazo huzilalamikia.

Mita mbili, inverta moja. Moja inasema volti 180, nyingine 230. Ipi inadanganya?

Ya 180, ingawa mita yenyewe ni nzima. Mita isiyoandikwa TRUE RMS (yaani inayopima nguvu halisi ya wimbi) hupima wastani wa wimbi kisha huuzidisha kwa 1.11, na namba hiyo ni sahihi kwa wimbi laini la saini peke yake. Inverta nyingi za gharama nafuu hutoa wimbi la ngazi. Tuseme linafika kilele cha volti 325 na kukaa huko nusu ya muda. Nguvu yake halisi ni sawa na volti 230, lakini wastani ni 162.5, na 162.5 mara 1.11 ni 180. Msomaji mmoja alikuwa ameshafungua inverta yake ili "aipandishe". Asingeipima kwa mita ya pili, angechoma vifaa.

Ukipima taa yenye kipunguza mwanga au mota inayoendeshwa na kidhibiti kasi, tatizo ni lilelile. Kwenye umeme wa kawaida wa nyumba, mita zote mbili hukubaliana.

Dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikiwa nzima inasoma ngapi?

Mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, ya silikoni husoma volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, OL ukigeuza. Ya aina ya Schottky 0.15 hadi 0.4. Ikisoma karibu sifuri pande zote imepiga shoti. OL pande zote imekatika. Pima ikiwa imetolewa kwenye saketi, angalau mguu mmoja. LED nyekundu husoma kama 1.8 na huwaka kidogo; nyeupe na ya buluu huhitaji karibu 3, na mita nyingi hazifikishi hapo, kwa hiyo OL ya LED nyeupe si ushahidi kwamba imeungua.

Vitufe vya HOLD, MIN/MAX na RANGE tunavitumia lini?

HOLD hugandisha namba pale ambapo huwezi kutazama kioo. Ni kitufe cha hatari kidogo: kikibonyezwa bila kujua, mita itaendelea kuonyesha namba ya zamani, hata sifuri, huku umeme upo. Kabla ya kila kipimo cha usalama, hakikisha alama ya H haipo kioo.

MIN/MAX ni bora kwa betri ya gari wakati wa kuwasha. Bonyeza, washa injini, soma MIN. Ikishuka chini ya takriban volti 9.6, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Mita za kawaida hupima mara chache tu kwa sekunde, kwa hiyo mshuko mfupi sana zinaweza kuukosa.

RANGE huzuia mita kuhangaika kuchagua kipimo yenyewe. Inafaa namba ikiwa inapandapanda.

Na alama ya betri ikitokea kioo, badilisha betri siku hiyohiyo. Mita nyingi zenye betri iliyochoka haziandiki kosa. Zinaendelea kutoa namba safi isiyo ya kweli.

Mita imeandikwa CAT III 600V. Je, inafaa kwenye boksi la breka?

Ndiyo. CAT ni daraja la usalama la mita: CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa mfumo wa umeme wa jengo pamoja na boksi la breka, CAT IV ni kuanzia nguzo hadi mita ya umeme. Tofauti si volti za kawaida tu, ni mishtuko ya ghafla: CAT II ya 600V hujaribiwa kwa mshtuko wa volti 4000, CAT III kwa 6000, CAT IV kwa 8000. Tazama na maandishi kwenye nyaya za kupimia. Ukibandika nyaya za CAT II kwenye mita ya CAT III, unachokishika mkononi ni CAT II.