Rad 200 ni grei ngapi? Namna ya kuandika ubadilishaji wa vipimo vya dozi ya mionzi

SWALI: Ninatafsiri kwa Kiswahili vitini vya wanafunzi wa tiba ya mionzi. Vitini vya zamani vinatumia rad, vya sasa vinatumia grei. Nimeandika hivi: “Mgonjwa alipewa radi 200 kwa siku 25, ambazo ni sawa na magrei mawili au sivati mbili.” Mwenzangu anasema sentensi hii haifai, ingawa hesabu imekubali. Kasoro iko wapi? Na je, tuseme kubadili rad “kwenda” grei au “kuwa” grei?

JIBU: Rad 200 ni grei 2, hilo halina ubishi. Hata hivyo sentensi yako inamwachia msomaji akisie mambo ambayo katika tiba hayafai kukisiwa. Mimi ningeiandika hivi: “Mgonjwa alipewa rad 200 kila siku kwa siku 25, yaani grei 2 kwa siku na grei 50 kwa jumla.”

Tuanze na maana ya vipimo vyenyewe. Grei 1 ni jouli 1 ya nishati iliyofyonzwa na kilo 1 ya maada. Rad, iliyoanza kutumika mwaka 1953, ni sehemu ya mia ya kiasi hicho, na grei iliidhinishwa kimataifa mwaka 1975 kwa kumkumbuka mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Kwa hiyo tukitaka grei tunagawanya rad kwa 100, na tukitaka rad tunazidisha grei kwa 100. Unapoueleza uhusiano huo kwa maneno, sema “rad ni sehemu ya mia ya grei”, wala usiandike “grei ni zaidi ya rad mara mia”, kwa kuwa yupo atakayeelewa kuwa grei moja inapita rad mia, bila kujua inazipita kwa kiasi gani. Vilevile sentigrei 1, yaani sehemu ya mia ya grei, ni sawasawa na rad 1. Ukipenda, rad 200 za kitini cha zamani ziandike sentigrei 200, na namba haitaguswa kabisa.

Neno “radi” kwa maana hii silikubali. Radi tunayoijua ni ile inayopiga wakati wa mvua, na mwanafunzi anayekutana na “mgonjwa alipigwa radi 200” atasimama kwanza kabla ya kuelewa. Andika rad, bila irabu ya mwisho. Anayesoma kwa sauti ataitia irabu hiyo mwenyewe, nami sioni ubaya, maana tofauti tunayoilinda ni ya maandishi. Hata wanasayansi wamepata taabu na kifupisho hiki, kwa kuwa rad ni alama ya radiani pia, kipimo cha pembe, ndiyo maana pale panapoweza kutokea utata wameruhusiwa kuandika rd.

“Magrei mawili” nayo iondoke. Majina ya vipimo tuliyoyakopa yamekaa katika ngeli ya I-ZI: lita mbili, kilo mbili, mita mbili. Grei ifuate njia hiyo hiyo: grei mbili zilitolewa, grei hizi zinalingana na rad mia mbili. Jina la kipimo likiandikwa kwa ukamilifu hutangulia namba, kama tunavyoandika shilingi 500, lakini alama ya kimataifa hufuata namba na kuachiwa nafasi: grei 2, ila 2 Gy. Herufi G ya alama ni kubwa kwa sababu imetokana na jina la mtu; jina la kipimo lenyewe huanza kwa herufi ndogo.

Kasoro kubwa kuliko zote imo katika maneno “radi 200 kwa siku 25”. Je, mgonjwa alipewa 200 kila siku, au zile 200 ziligawanywa katika siku zote 25? Kwa usomaji wa kwanza jumla ni grei 50, kwa wa pili ni grei 2 tu, na tofauti hiyo haiwezi kuachwa kwenye kihusishi “kwa” peke yake. Kiswahili kina njia yake ya kuimaliza shaka hii, nayo ni kurudia namba: “alipewa grei mbili mbili kwa siku 25” haina maana nyingine isipokuwa mbili kila siku, kama vile “walipewa vitabu viwili viwili” isivyoweza kumaanisha vitabu viwili kwa wote. Namba inapoandikwa kwa tarakimu urudiaji haupendezi, kwani “grei 2 2” inaweza kusomwa ishirini na mbili. Hapo tumia “kila siku” na utaje jumla.

Kuhusu “kwenda” na “kuwa”, kitu hubadilishwa kuwa kitu kingine. “Kutoka rad kwenda grei” inasikika sana madarasani na inaeleweka, lakini katika kitini nachagua “kubadili rad kuwa grei”.

Imebaki sivati, ambayo ningeifuta. Grei na rad hupima jambo moja, nishati iliyofyonzwa, kwa hiyo “ni sawa na” inafaa kati yake. Sivati hupatikana baada ya kuzidisha dozi hiyo kwa kizidishio kinachotegemea aina ya mionzi: kwa eksirei na gama ni 1, kwa chembe za alfa ni 20. Ukiandika bila sharti kwamba grei 2 ni sawa na sivati 2, unamfundisha mwanafunzi kanuni ambayo itamwangusha atakapofika kwenye alfa. Tena sivati imewekwa kwa ajili ya kinga dhidi ya mionzi, si kwa kupanga dozi ya tiba. Mahali pake ni katika sentensi kama “wastani wa dozi ya mfanyakazi usizidi milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano”.