Kabla hamjapeleka miwani Nakivale

Msomaji mmoja wa Kampala ameniandikia kwamba kanisa lao limekusanya magunia mawili ya miwani iliyotumika, na wanataka kwenda kuwagawia wakimbizi wa Nakivale bure. Mungu awabariki kwa moyo huo. Ila magunia hayo naomba yabaki Kampala.

Miwani ya daktari hukatwa kwa macho ya mtu mmoja. Lenzi ya kulia ina nguvu yake, ya kushoto yake, na mara nyingi hazilingani. Bila lensomita, kifaa cha kupima nguvu ya lenzi, hujui hata umeshika nini. Mama atapokea, atatabasamu kwenye picha yenu, kesho kichwa kitamgonga na miwani itaishia chini ya godoro. Nunueni miwani mipya ya kusomea, kuanzia +1.00 hadi +3.00, na nyingi ziwe +1.50, +2.00 na +2.50, kwa kuwa wahitaji wakubwa ni wenye miaka 40 na kuendelea. Mpime mtu kwa kazi yake, kitu kikiwa kama sentimita 40 kutoka machoni: fundi cherehani atunge uzi, mama achambue maharage, mzee asome Biblia yake. Anzeni na namba ndogo. Ya kwanza inayomtosha ndiyo yake.

Lakini asipewe mtu miwani kabla hajapimwa kuona mbali. Mita 6, zipimwe kwa kamba na siyo kwa hatua za miguu. Tumieni chati ya E, maana wengine hawakusoma, na anayepimwa anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Jicho moja moja. Lingine lifunikwe kwa kiganja bila kubonyezwa, kwa sababu vidole huacha mwanya na watoto huchungulia. Asiyefika 6/12, yaani asiyeona kwa mita 6 mstari ambao mwenye macho mazima huuona kwa mita 12, mpeni kadi nyeusi yenye tundu la milimita moja hivi atazame kupitia hapo. Akiona vizuri zaidi, huenda miwani itamsaidia. Asipopata nafuu, shida huenda iko ndani ya jicho: mtoto wa jicho, presha ya macho (glakoma), kovu, au retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Huyo ni wa daktari. Inaniuma sana kila ninapomfikiria mzee mwenye mtoto wa jicho anayepewa miwani, akakaa miaka akidhani ameshatibiwa. Na mtoto mdogo mwenye weupe ndani ya mboni asisubiri kliniki yenu nyingine. Weupe huo unaweza kuwa saratani.

Kwa hiyo hospitali itangulie, tangazo la kanisani lifuate. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, na Mbarara, mji wa jirani, ina Hospitali ya Misheni ya Ruharo yenye kitengo cha macho. Ombeni kibali Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi ya wakimbizi, na mwoneni ofisa wa afya wa wilaya. Daktari mgeni lazima awe na leseni ya Uganda, hata akija kwa muda mfupi. Ulizeni pia siku ya mgao wa misaada, msije mkaweka kliniki siku hiyo.

Upasuaji wa mtoto wa jicho wenyewe, kwa mkono uliozoea, huchukua kama dakika 15 hadi 20. Kazi inaharibikia baadaye. Mgonjwa aonwe kesho yake bandeji ikitolewa, aonwe baada ya wiki, kisha kati ya wiki ya 4 na ya 6. Jicho likiuma, likiwa jekundu na kuona kukipungua, afike hospitali siku hiyohiyo. Akingoja, jicho linaweza kupotea. Bwana wetu mwenyewe pale Bethsaida alimuuliza kipofu kama anaona kitu, na aliposikia kwamba watu wanaonekana kama miti, akamwekea mikono mara ya pili. Ninyi mnaondoaje gari kabla ya kuuliza?

Matone yenye steroidi msigawe ovyo kwa kila jicho jekundu. Yanatuliza mwasho haraka, mtu anayapenda, kumbe presha ya jicho inapanda, na kidonda cha fangasi kikiwepo kinazidi kula. Timololi, matone ya kushusha presha ya macho, msimpe mwenye pumu. Na mwenye presha ya macho hatibiwi kwa chupa moja. Dawa yake ni ya maisha, na chupa ikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki 4.

Hema la maombi liwe mbali na foleni. Nakivale kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na Wasomali hao ni Waislamu. Mtu akidhani asipoomba nasi hatapimwa, tumeshamkosea yeye na tumemkosea Kristo. Wakalimani wapatikane humohumo kambini: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali.

Kwenye daftari andikeni zoni, kijiji, namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani yake. Kama fedha zinatosha upasuaji wa watu 30, fanyeni 22, na zilizobaki ziwe nauli ya kurudi Mbarara, ya mgonjwa pamoja na anayemshika mkono.