Umesaini Sera ya TEHAMA Bila Kuisoma? Njoo Nikusimulie

Juzi msomaji mmoja wa Kigoma ameniandikia: "Kaka, chuo kimenifungia akaunti, wanasema nimekiuka sera ya TEHAMA. Hiyo sera ndiyo ipi?" Nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka. Ndiyo zile kanuni za chuo za kutumia kompyuta, mtandao na akaunti zake, TEHAMA ikiwa teknolojia ya habari na mawasiliano.

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili hapa Tabora, sina laptopu. Kusajili masomo nilikwenda steshenari moja Isevya, kijana ananisajilia kwa shilingi mia tano. Nywila yangu alikuwa nayo kwenye kauntabuku, pamoja na za wenzangu, kama orodha ya wadeni dukani. Na nywila zenyewe! Chuo kilitupa jina la ukoo kwa herufi kubwa, basi. Ukimjua mtu, umeshaingia.

Na mtu akaingia. Usiku mmoja, mimi nimelala, baruapepe yangu ya chuo ikamtumia mhadhiri matusi. Kamati ya nidhamu haikuuliza nani kaandika. Ilinifungulia ukurasa wa tisa wa sera ya TEHAMA: mwenye akaunti atawajibika kwa lolote litakalofanywa kwa akaunti hiyo. Chini yake saini yangu, niliyoiweka kwenye foleni ya usajili kwa kalamu ya kuazima. Mjumbe mmoja akanitajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, magoti yakalegea. (Sheria hiyo inamkamata anayeingia kwenye mfumo bila idhini. Aliyeingia si mimi! Nani angenisikiliza?) Nikasimamishwa muhula mzima. Wenzangu walipohitimu, mimi ndiye niliyewapiga picha.

Bado inaniuma, nisiwadanganye. Waliogawa nywila za kitoto hawakuitwa popote.

Basi wadogo zangu, someni. Someni kabla ya kusaini, na mkishasaini ombeni nakala mkasome tena. Nywila ya chuo ibadilishe siku hiyohiyo. Tafuta nani anawajibika, na nani anaruhusiwa kufungua baruapepe yako. Ninyi mna ngao ambayo sisi hatukuwa nayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hiyo inakibana chuo pia, kilinde taarifa zako, nawe una haki ya kuuliza kinazo zipi. Uliza kwa barua, igongewe mhuri wa kupokelewa. Bando la kutazama mpira mnalo, kurasa kumi na mbili ndizo zinawashinda?

Yule wa Kigoma nimemwambia adai kwa maandishi kifungu anachodaiwa kukivunja.

Jumamosi nilipita Isevya. Kauntabuku bado ipo, limebadilika jalada tu.